Jina Nililolitoa

Pale Mpemba, mtu akipata meseji ya kazi kutoka kwa mtu asiyemjua, aliyekuwa karibu naye alimwambia ampelekee Madam. Hakuna aliyeuliza Madam yupi. Vijana waliomaliza chuo wakaishia kwenye bodaboda, mabinti walioolewa, makarani wa mpakani kama mimi, wengi wetu tulipita mikononi mwake darasani akitufundisha Kiingereza, na hata ambao hakuwafundisha walimwita hivyo hivyo. Sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina. Nami sitaliandika hapa, kwa sababu nimeshatoa jina moja la nyumba ile na linanitosha.

Alinifundisha kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Baadaye, nilipoajiriwa kwenye ofisi ya wakala wa forodha Tunduma mjini, nikapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwake, nikamjua upya, safari hii kama jirani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kutembea kwa haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Wakati wa mvua alivaa gambuti za marehemu mumewe, zilizompwaya, na alikwenda nazo mpaka kanisani. Akifika mlangoni anazivua, anaingia na soksi na kukaa kwenye safu ya kwaya, ambako aliimba sauti ya pili vibaya na kwa nguvu. Kahawa alikaanga mwenyewe mpaka ikaungua, na mgeni hakuruhusiwa kutia sukari kabla ya kuionja. Akikasirika, Kiswahili kilimwishia akahamia Kindali, lugha ya kwao. Akivuka barabara kuu katikati ya malori yaliyosimama foleni, aliwasalimia madereva wa Zambia, "Muli shani," mmoja mmoja, hata aliyekuwa amelala kwenye usukani.

Shuleni hakupiga mtu. Ukikosea sentensi alikusimamisha uisome kwa sauti, kisha uisome tena, na tena, mpaka wewe mwenyewe usikie pabaya palipo. Wengine walisikia mara ya pili. Mimi niliwahi kuisoma sentensi moja mara tisa huku darasa zima likisubiri, na nilipoligundua kosa langu hakunipongeza wala hakunicheka. Alisema tu, "Sasa ni yako," akaendelea na somo.

Kazi ya kusoma meseji ilianza alipostaafu, na hakuitafuta. Kijana mmoja aliyemfundisha alimletea simu amwambie kama barua aliyoandikiwa ni ya kweli. Wiki iliyofuata walikuja wawili. Baada ya mwaka mmoja baraza lake lilikuwa na benchi, na Jumamosi mchana usingekosa kumkuta mtu pale ameshika simu kama amekuja na mtoto mgonjwa.

Alikuwa na taratibu zake. Simu aliishika mbali na macho, akaisoma meseji yote, kisha akamrudishia mwenyewe na kumwambia aisome kwa sauti. Hakuna meseji iliyojibiwa siku ile ile. "Jibu kesho," alisema. "Kama kazi ipo, na kesho itakuwepo." Jibu liliandikwa kwanza kwenye daftari, kwa kalamu, yeye akilisahihisha kwa wino mwekundu, ndipo likaingia kwenye simu. Na halikutoka pale barazani bila maswali yake manne: kampuni iko wapi, nitafanya kazi chini ya nani, mkataba nitauona lini, na jina langu umepewa na nani. La nne ndilo alilolipenda zaidi. Alisema mtu wa kazi ya kweli haoni tabu kulijibu.

Aliyaona mambo haya kwa uzito, lakini alijua pia kuyachezea. Mjomba wangu mdogo aliwahi kuandikiwa kwamba amechaguliwa kuwa meneja wa hoteli huko Kanada, yeye ambaye alikuwa fundi wa pikipiki na hajawahi kulala hotelini. Barua ilijaa makosa. Madam alimwambia aikopi yote kwenye karatasi, akaisahihisha mstari kwa mstari, akaandika juu yake alama saba kati ya ishirini, wakaipiga picha wakairudisha kule ilikotoka. Yule mtu akajibu kwa matusi. Madam akayasahihisha na matusi pia. Baada ya hapo hakuandika tena, na mjomba wangu alikaa wiki nzima anasimulia kisa hicho gereji, kila siku akikiongezea kidogo.

Ila hata kwa matapeli hakukubali mtu aandike kwa dharau, labda awe yeye. Kukataa, alitufundisha, kuna adabu yake. Unamshukuru mtu kwa kukukumbuka, unamwambia waziwazi kwamba hutaiweza kazi hiyo, na kama unamjua mwingine anayefaa, unamtaja. Hilo la kumtaja mwingine alilipenda kwa sababu liliwahi kuzaa matunda. Binti mmoja wa Mkwajuni aliitwa kwenye kazi ya kuonja na kupima kahawa, lakini alikuwa ameshapata kazi nyingine. Akakataa kwa barua aliyoiandika pale barazani, akamtaja rafiki yake, na yule rafiki yuko kwenye kazi ile mpaka leo. Kila Krismasi humletea Madam kitenge. Madam akisimulia habari hiyo alimalizia kwa sentensi moja ambayo mimi niliisikia mara nyingi kuliko wote, na ambayo niliiruka siku nilipoihitaji: "Lakini muulize kwanza mwenye jina."

Mtu huyu aliyewasaidia watoto wa watu wote hakuweza kumwombea kazi mtoto wake mwenyewe. Atupele, kitinda mimba wake, alikuwa na stashahada ya utalii na Kiingereza kizuri kuliko chetu sote, na alikuwa mwaka wa tatu akikaa mapokezi kwenye gesti moja ya Tunduma, akiwaandikisha madereva. Watu Madam aliowasaidia walikuwa wameshakuwa na vyeo. Simu moja ingetosha. Nilipomgusia hilo aliniangalia kama nimemshika mfukoni, akasema hakusoma barua za watu ili waje wamlipe. Siku nyingine, bila kuulizwa, akaniambia huku anachambua maharage kwamba Atupele akitoka asubuhi, yeye hukaa dirishani mpaka gari alilopanda lipotee. Kisha akabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo nilijua alichokitaka. Najitetea kwa hilo, kwamba nilitaka kumlipa kwa namna ambayo asingeikataa. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Meseji yangu ilikuja kazini, nikiwa nasubiri nyaraka za lori la shaba. Mwandishi alijitambulisha kwa jina la Linda, wa kampuni inayotafuta watu wa huduma kwa wateja wanaojua Kiingereza vizuri, kazi iko Asia, nauli na malazi juu yao. Aliandika vizuri. Alikuwa ameisoma taarifa niliyoiweka mtandaoni, akataja mpaka miaka niliyofanya kazi ya forodha. Nilifurahi kuliko ninavyopenda kukiri. Nilisubiri mpaka kesho yake, kama nilivyofundishwa, nikamwandikia maswali manne.

Akajibu mawili kwa maneno marefu yasiyo na kitu ndani. La kampuni iko wapi alilijibu kwa picha ya ghorofa. La nani atakuwa bosi wangu hakuligusa. Nikamuuliza tena. Akanitumia picha ya wasichana wanaokula keki ofisini. Nakumbuka vizuri nilivyokaa na simu ile mezani. Nikaamua siendi.

Lakini Linda hakuacha. Asubuhi, mchana, kila nikishika simu yupo, mpole, hana hasira, anauliza nimefikiria nini. Ningeweza kumfungia. Badala yake nikamwandikia jibu la adabu, lile lile la barazani: namshukuru, sitaweza, ila namjua dada mmoja hodari anayefaa. Nikaweka jina la Atupele na namba yake. Linda akashukuru na kunyamaza palepale. Nikasikia raha mbili kwa pamoja, ya kuachwa na ya kutenda wema, na sikuzitenganisha.

Atupele sikumwambia, wala mama yake. Nilijiambia kwamba yakishindikana wasije wakavunjika moyo kwa sababu yangu.

Hayakushindikana. Kwenye wiki ya tano Madam alichinja kuku wawili akatuita majirani tumuage mwanawe. Atupele alikuwa amesuka nywele, ana pasipoti mpya ambayo kila mgeni aliifunua na kuifunika. Kabla ya kula, Madam aliomba. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu aliyemkumbuka mwanawe. Nilifumbua macho, nikaona naye amefumbua ananitazama, akayafumba tena akaendelea. Nikadhani ni bahati tu. Nikala kuku, nikaomba na mchuzi wa kuongezea.

Picha zilikuja kwa majuma matatu: uwanja wa ndege, bakuli la tambi, kitanda chenye shuka jeupe. Halafu kimya. Halafu, baada ya miezi miwili, ujumbe mfupi kwa mama yake kutoka namba ngeni, ukisema walivushwa mto mpaka nchi nyingine, wamenyang'anywa pasipoti, wamefungiwa ndani ya uzio, wanakaa ukumbini kwenye kompyuta wanaandikia watu wasiowajua, na asiyefikisha idadi anapigwa. Mama usijibu namba hii, ulimalizia.

Nilikuwepo Madam alipoupokea. Aliusoma, akanipa simu, na nikiwa nimeinua kichwa kumtazama akaniambia niusome kwa sauti. Nilisoma mpaka neno la pasipoti, nikamrudishia simu. Hakunilazimisha kurudia.

Alikwenda kila ofisi iliyomfungulia mlango, na hata zile zilizomwambia arudi wiki ijayo alirudi wiki ijayo. Benchi la barazani akaliingiza ndani. Waliokuja na simu zao aliwaambia hajui tena kusoma. Mimi nilimsindikiza mara mbili kwenye ofisi hizo, kisha nikaanza kuwa na kazi nyingi. Baadaye nikahama, nikapanga Chapwa. Nilisema ni kwa ajili ya kuwa karibu na kazi, na hakuna aliyenibishia, kwa kuwa ni kweli Chapwa ni karibu. Nilipokuwa na safari ya upande wa Mpemba nilishuka mbele zaidi, nikarudi kwa miguu kwa njia ya nyuma. Miaka karibu miwili nilikuwa nakwepa nyumba moja kwenye barabara kuu ambayo kila mtu huipita.

Atupele alirudi mwaka huu, baada ya askari wa nchi ile kuingia kwenye ule uzio na watu kutolewa. Habari niliipata kazini, kutoka kwa karani mwenzangu, ambaye alisema Atupele amekonda na hapendi kukaa chumba chenye mlango uliofungwa. Nilikaa na habari hiyo wiki mbili. Ijumaa ya tatu niliomba ruhusa saa sita, nikapanda gari, nikashuka mlangoni kwao.

Ilikuwa Julai, baridi ile ya upepo mkavu, na Madam alikuwa uani juani amejifunga kanga mbili, anapukuchua mahindi ya mbegu kwa vidole. Alikuwa amezeeka upande mmoja wa uso, sijui niseme vipi. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanisogezea kigoda na hindi. Nikapukuchua. Baada ya magunzi mawili nikamwambia kwamba nimekuja kusema jambo ambalo nilipaswa kulisema zamani, kwamba jina la Atupele nililitoa mimi.

"Najua," alisema.

Hakuacha kupukuchua. Alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayesoma. Linda alipomwandikia Atupele, mstari wa kwanza ulikuwa salamu na wa pili ulisema ameelekezwa na rafiki yake Veronika wa Tunduma, yaani mimi. Atupele alimletea mama yake simu siku ile ile. Walikaa barazani, Madam akachukua daftari ili waandike maswali, kisha akaliweka chini.

"Nilimwambia Atupele, kama ametumwa na Veronika, basi Veronika ameshauliza. Hatukuuliza kitu. Jibu nililisahihisha mimi mwenyewe, likatumwa jioni hiyo hiyo." Alitupa gunzi kwenye kapu. "Miaka hii yote nimekuwa nikikuonea huruma. Nilisema, yule mtoto naye alidanganywa, na sasa anaona haya kuja."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Msamaha ulikuwa umeshatolewa, uko mezani, wala sikuhitaji kuuomba. Ilitosha niinamishe kichwa. Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Labda kwa sababu alikuwa ananingoja, kama alivyokuwa akingoja darasani.

"Niliuliza, Madam," nikasema. "Yote manne. Hakunijibu. Ndiyo maana mimi sikwenda."

Mikono yake ikasimama. Kuku walikuja wakala mahindi yaliyomwagika na hakuwafukuza.

"Hilo sikulijua," alisema.

Akasema kitu kingine kwa Kindali, polepole, bila hasira, na sikukielewa, na sijathubutu kumtafuta mtu wa kunitafsiria. Kisha akarudi kwenye Kiswahili akaniambia Atupele yuko kwenye bustani ya mabondeni, atarudi saa kumi, nimsubiri nimwambie mwenyewe kama nilivyomwambia yeye, bila kupunguza. Akaingia ndani. Nilikaa uani peke yangu kwa muda wa karibu saa mbili, nikimaliza mahindi yote yaliyokuwemo kwenye ungo, kwa kuwa sikujua cha kufanya na mikono yangu.

Atupele alikuja na ndoo ya mboga kichwani. Alinisalimia vizuri, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Nilimwambia. Alisikiliza akiwa amesimama, ndoo ameishikilia kiunoni, na nilipofika mwisho hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama meseji za Linda bado ninazo. Ninazo, nilimwambia; sikuwahi kuzifuta. Akanyoosha mkono, nikampa simu.

Alizisoma zote, kuanzia ya kwanza, pale pale kwenye jua linaloondoka. Mahali fulani alitikisa kichwa kidogo.

"Huyu Linda si mtu mmoja," alisema. "Tulikuwa tunapokezana. Mimi mwenyewe nimekuwa Linda miezi saba."

Hakuwa analia. Alisema walipewa maneno yaliyokwisha kupangwa, kwa mtu anayeuliza sana utume picha ya ghorofa, kwa mtu anayekataa uombe jina la mwingine, lakini wao wenye Kiingereza kizuri waliruhusiwa kuyaboresha. Yeye aliyaboresha. Kulikuwa na watu wawili anaowajua kwa majina, mmoja wa Uganda na mmoja wa Malawi, waliofika pale kwa sababu ya barua alizoziandika vizuri. Wa Malawi alikuwa kwenye chumba cha jirani. Hakuwahi kumwambia.

Alinirudishia simu. Akasema Jumatatu anakwenda polisi Vwawa kuandikisha maelezo, na kwamba ofisa amemwambia hana ushahidi wa jinsi walivyompata, kwa sababu simu yake waliichukua. Akauliza kama nitakwenda. Nikasema nitakwenda. Madam alikuwa ametoka mlangoni wakati huo, kanga imemfunika mabega, na aliyasikia hayo.

Jumatatu tulikwenda watatu, kwenye kiti kimoja cha nyuma cha basi dogo, Atupele kwenye upande wa dirisha lililofunguliwa, Madam katikati yetu. Njia nzima Madam alizungumza naye habari za mbolea. Mimi alinipa nusu ya chungwa lake, bila kuniangalia, na nikalila.

Ofisa alikuwa kijana mpole mwenye mafua. Aliandika maelezo ya Atupele kwa muda mrefu, kisha akaniita nikae mbele yake, wao wawili wakarudi kwenye benchi nyuma yangu. Alichukua jina langu, umri, kazi, mahali ninapoishi. Akauliza uhusiano wangu na mlalamikaji. Nilianza kusema jirani, lakini sikuwa jirani tena. Nikatafuta neno lingine, yeye akisubiri na kalamu.

"Mimi ndiye niliyewapa jina lake," nikasema. "Na nilikuwa najua."

Akainua macho. "Ulijua nini?"

"Kwamba kazi ile mimi mwenyewe nisingekwenda."

Aliandika. Alikuwa anaandika polepole, kwa herufi kubwa, na alipomaliza aligeuza karatasi kuelekea kwangu akaniambia niisome kwa sauti, kisha niweke sahihi kama ni sawa. Nikaisoma yote. Nilipofika mwisho nikatia sahihi, na sikugeuka.